Sungura Aliyeacha Kula: Namna ya Kumuuguza Saa kwa Saa

Mbwa akisusa chakula siku moja, wengi wetu husubiri tuone kesho ataamkaje. Kwa sungura, kusubiri huko ndiko kunakoua. Sungura mzima hutafuna mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku, kwa hiyo ukikuta nyasi za jana hazijaguswa, au ukamletea jani analolipenda akalinusa tu na kugeuza uso, shughulika naye leo hii. Akipitisha saa 12 mfululizo bila kula, anahitaji daktari. Zikifika 24, maisha yake yamo hatarini, hata kama bado amekaa wima anakutazama.

Utulivu wake usikudanganye. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, na wa kuwindwa akionyesha udhaifu huliwa. Ni mfichamaradhi kwa maumbile. Siku unapoona waziwazi kwamba anaumwa, mara nyingi ameanza kuumwa jana au juzi.

Jambo moja nataka ulishike kabla hatujaanza hatua zenyewe: kutokula ni dalili. Nyuma yake kuna kitu, na kitu hicho mara nyingi ni maumivu. Ndiyo maana watu humlisha sungura kwa bomba la sindano siku nzima na bado hali haibadiliki: wamejaza tumbo, maumivu wameyaacha palepale.

Kinachotokea tumboni

Utumbo wa sungura umeumbwa kwenda bila kusimama, na kinachousukuma ni nyuzinyuzi ndefu za nyasi. Zikikosekana, au maumivu na woga vikiuzuia, mwendo hupungua na hatimaye hukoma. Maji yaliyomo hufyonzwa, chakula kilichobaki hukauka. Vijidudu vinavyochachusha chakula kwenye mfuko mkubwa ulioko mwanzoni mwa utumbo mpana huvurugika, gesi hujaa, tumbo huuma zaidi, na maumivu hayo humzidishia kukataa chakula. Huo ni mzunguko, na hautakatika wenyewe. Wakati huohuo mwili uliokosa chakula huanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi. Mafuta hayo huenda kujazana kwenye ini, na sungura mnene ndiye anayeumia zaidi kwa hilo.

Tena, sungura hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite chini, au kibaki kilipo.

Utasikia watu wakisema tatizo ni manyoya aliyojiramba, na kwamba maji ya nanasi yatayayeyusha. Si kweli. Tumbo la sungura mwenye afya huwa na manyoya ndani yake kila siku, yamechanganyika na chakula chenye maji, na hupita bila shida. Bonge gumu hutokea baada ya tumbo kusimama na kukauka, kwa hiyo kawaida ni matokeo kabla ya kuwa chanzo. Kimeng'enya cha nanasi hakiyeyushi unywele, na sukari ya juisi huwalisha vijidudu wale wale wanaotoa gesi. Juisi iache.

Hatua ya kwanza: mtazame kabla ya kumgusa

Kaa mbali kidogo umwangalie dakika tano. Sungura mwenye maumivu ya tumbo hujikunyata, mgongo umepanda juu, au hujilaza na kulibana tumbo sakafuni, kisha huinuka na kujaribu kukaa kwingine, hapati raha. Wengine husaga meno kwa nguvu. Si ule mlio mwepesi wa kuridhika anaoutoa ukimpapasa kichwa, huu ni mzito na wa kukwaruza. Uso nao unasema. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa sungura, na wanaangalia mambo matano: macho yanayofumba nusu, mashavu yaliyobonyea, tundu za pua zilizochongoka, ndevu zilizokaza, na masikio yaliyokunjwa na kubanwa nyuma. Ukishajua uso wake wa kawaida, tofauti hutaikosa.

Halafu nenda kwenye trei ya haja. Punje za kinyesi za sungura mzima ni za mviringo, kubwa kiasi, zinalingana, na kwa siku hutoa mamia. Zikiwa ndogo, nyeusi na ngumu, au zimeungana kwa nywele, utumbo ulianza kuchoka kabla hujagundua. Zisipokuwapo kabisa, andika saa uliyoziona mara ya mwisho, daktari atakuuliza.

Kuna kinyesi kingine, laini, chenye harufu, kilichoshikana mafungu madogo. Hicho hukila mwenyewe moja kwa moja kutoka matakoni na ni sehemu ya lishe yake, kwa hiyo kwa kawaida hukioni. Ukikikuta kimepondeka sakafuni au kimegandia makalioni, mgonjwa hana hamu, au anashindwa kujikunja akifikie. Usikichanganye na kuhara kwa majimaji, ambako ni dharura.

Mwisho mjaribu kwa chakula anachokipenda kupita vyote. Akija mbio, akakipokea, akatafuna mara mbili kisha akakidondosha, au akala jani laini huku nyasi ngumu hazitaki, fikiria meno. Kidevu kilicholoa mate kinaelekeza hukohuko. Asipojishughulisha hata kunusa, elekeza mawazo tumboni au kwenye maumivu ya mahali pengine.

Hatua ya pili: mguse

Mpakate, au vizuri zaidi mwache sakafuni upige magoti kando yake. Papasa tumbo taratibu kwa vidole vilivyonyooka, nyuma ya mbavu, pande zote mbili. Tumbo lenye afya ni laini na linakubali kubonyea. Tumbo lililosimama linaweza kuhisiwa limejaa donge zito linalobonyea kwa shida. Tumbo la hatari limeumuka na kukaza kama ngoma, na mgonjwa hataki uliguse.

Shika masikio. Masikio ya baridi kwenye sungura aliyelegea ni habari mbaya. Fungua mdomo kidogo pembeni utazame fizi: ziwe za waridi, si nyeupe wala za bluu.

Kipimajoto kinakueleza zaidi ya vyote hivyo. Joto la kawaida la sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 40 za Selsiasi. Tumia kipimajoto cha plastiki chenye ncha inayopinda, kipake mafuta ya mgando, na kiingizwe sentimita moja au mbili tu huku mtu wa pili akimshika mabega na makalio. Akipigana, acha. Mgongo wa sungura ni mwepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa inayoibeba. Teke moja la hofu linaweza kumvunja uti wa mgongo. Kama hujawahi kufanya hivi, daktari akuonyeshe siku ambayo sungura ni mzima. Chini ya 38, anza kumpasha joto ukiwa njiani kutafuta msaada. Juu ya 40.5 na siku yenyewe ni ya joto kali, huenda amezidiwa na joto: mpeleke kivulini, lowesha masikio kwa kitambaa cha maji ya kawaida, usimtie kwenye maji ya barafu, na umpeleke kwa daktari.

Hatua ya tatu: tumbo ndilo linaloamua

Hapa njia zinaachana, na ndipo watu wenye nia njema wanapoharibu.

Tumbo likiwa laini au lina donge linalobonyea, sungura yu macho na hali ilianza polepole kwa siku moja au mbili, kuna nafasi ya kumhudumia nyumbani huku mnawasiliana na daktari. Tumbo likiwa limekaza, hali ikabadilika ghafla ndani ya saa chache, mgonjwa akawa wa baridi na mnyonge, usimlishe chochote, usimkande tumbo, usisubiri kipambazuke. Inawezekana njia imeziba. Mara nyingi kinachoziba ni punje ndogo ya nywele zilizoshindiliana, au uzi wa zulia au kipande cha kitambaa, kimenasa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Tumbo linajaa maji na gesi bila pa kutokea, na sungura anaweza kufa siku hiyohiyo. Kila mililita unayomsukumia mdomoni inamwongezea shinikizo.

Daktari hutofautisha kwa picha ya eksirei na kwa tone la damu. Sukari ya damu iliyopanda sana, zaidi ya milimoli 20 kwa lita, huelekeza kwenye kuziba.

Haraka hiyohiyo inamhusu sungura anayehema kwa mdomo, aliyelala ubavu asiyeinuka, aliyepinda shingo upande mmoja, anayehara majimaji, au aliye na mabuu ya nzi makalioni.

Hatua ya nne: zungumza na daktari sahihi

Si kila daktari wa mifugo amezoea sungura. Wako hodari wa ng'ombe na mbuzi ambao sungura humwona mara moja kwa mwaka. Ukipiga simu, uliza moja kwa moja kama wanatibu sungura mara kwa mara. Kisha toa taarifa fupi: mara ya mwisho kula ni lini, kinyesi cha mwisho ni lini, uzito, joto, tumbo likoje, na nini kimebadilika nyumbani siku hizi: chakula kipya, kuhama, mwenzake kufa, joto kali, manyoya kupukutika.

Ukifika, tarajia mambo manne: dawa ya maumivu, maji ya dripu au ya chini ya ngozi, dawa ya kuamsha mwendo wa utumbo pale ambapo kuziba kumeondolewa katika orodha, na ukaguzi wa meno ya nyuma kwa kifaa chenye mwanga. Dawa ya maumivu ikikosekana, iulize bila haya.

Jambo la antibayotiki ni la kukaza sauti. Amoksilini, ampisilini na penisilini nyingine zikipitia mdomoni, pamoja na klindamaisini, linkomaisini na erithromaisini, huua vijidudu wema wa utumbo wa sungura na kuwaachia nafasi wanaotoa sumu. Sungura wamekufa kwa vidonge vilivyomsaidia mbwa wa nyumba hiyohiyo. Vilevile dawa ya viroboto yenye fipronili haifai kwake. Na akitakiwa kufanyiwa upasuaji, ukaambiwa umnyime chakula tangu usiku, hoji: kwa kuwa hatapiki, sungura hafungishwi njaa namna hiyo.

Msafirishe kwenye boksi imara lenye taulo chini isiyoteleza na nyasi kidogo. Kama ana mwenzake waliyezoeana, waende wote wawili. Mwenzake atamtuliza, na wakirudi pamoja hawatagombana kwa sababu ya harufu ngeni ya kliniki.

Hatua ya tano: joto na dawa

Sungura wa baridi halishwi mpaka apate joto, kwa sababu utumbo wa mwili uliopoa haufanyi kazi. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa taulo, iweke ubavuni mwake upande mmoja tu ili akizidiwa aweze kusogea. Igeuze kila nusu saa. Blanketi la umeme si zuri. Atatafuna waya, au ataungua kwa sababu hana nguvu ya kuondoka.

Dawa ya maumivu inayotumiwa sana ni meloksikamu, na wakati mwingine daktari huongeza buprenofini kwa maumivu makali. Dozi ya sungura haifanani na ya mbwa wala ya paka, na mwili uliokauka maji hauwezi kuihimili meloksikamu vizuri kwenye figo, kwa hiyo usibuni kipimo kutokana na chupa iliyobaki kabatini. Dawa za binadamu usiziguse. Matone ya simetikoni ya kupunguza gesi hayana madhara makubwa na wafugaji wengi wanayo nyumbani. Mimi sina imani nayo sana, kwani huvunja mapovu tu na hayaamshi utumbo. Ukiyatoa, usiyahesabu kuwa ni tiba ukatulia.

Hatua ya sita: maji

Sungura hunywa takriban mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na asiyekula kwa kawaida hanywi pia. Mpe maji kwenye bakuli zito hata kama amezoea chupa ya kuning'inia. Kwenye bakuli hunywa kwa wepesi zaidi. Yawe ya uvuguvugu, wengine huyapenda hivyo. Majani unayomwekea yaloweshe yakiwa yanachuruzika. Kama daktari amekufundisha kumchoma maji chini ya ngozi ya mabega, pasha mfuko wa dripu mpaka ufikie joto la mwili kwanza. Maji ya baridi chini ya ngozi yanamrudisha nyuma.

Hatua ya saba: kumlisha kwa mkono

Sehemu hii ina kazi, na ndiyo itakayokula muda wako.

Chakula bora ni unga maalumu wa nyuzinyuzi unaotengenezwa kwa ajili ya wanyama wala majani walio wagonjwa. Madaktari wa sungura huwa nao. Ukikosekana usiku, chukua pelleti zake za kawaida, yaani punje kavu za chakula cha sungura, zimwagie maji ya moto, zikilowa ziponde ziwe laini na uchuje mabonge. Uzito uwe wa uji mwepesi unaoshuka kwenye sirinji bila kusukumwa kwa nguvu. Usichanganye maziwa, mtindi, asali wala nafaka.

Kiasi kinachotumika sana ni mililita 50 za mchanganyiko uliokwisha kulowa kwa kila kilo kwa siku, zikigawanywa mara nne hadi sita. Sungura wa kilo mbili basi atahitaji mililita 100, tuseme 20 mara tano. Usianze na 20. Mlo wa kwanza mpe 5, utazame tumbo linavyopokea, upandishe mlo unaofuata. Tumbo likianza kukaza, simama umpigie daktari. Usiku usipite zaidi ya saa sita bila mlo, hivyo weka kengele ya simu ukubali tu kwamba utalala vipande vipande.

Sirinji ndogo ya mililita moja ndiyo rafiki wa anayejifunza. Tatizo ni kwamba nyuzi huziba tundu. Tafuta yenye mdomo mpana, au ikate ncha kisha uisugue makali yaishe, maana plastiki iliyokatwa huchana fizi. Andaa sirinji zote zikiwa zimejazwa kabla hujamshika, pamoja na kitambaa chenye unyevu.

Keti sakafuni na umweke kati ya mapaja yako, makalio yake yakielekea kwako, ili asipate pa kurudi nyuma. Anayepigana mviringishe taulo mwili mzima, kichwa nje, bila kubana kifua. Miguu yote minne iguse chini na kichwa kiwe usawa wa kawaida. Usimlaze chali hata kama mtu amekuonyesha kwamba sungura akigeuzwa hutulia. Kule si kutulia, ni woga uliomgandisha, na chakula kikiingia wakati huo njia ya mapafu iko wazi.

Nyuma ya meno ya mbele kuna pengo kabla ya kufika magego. Ingiza ncha hapo kutokea pembeni, ielekee shavu la pili, kamwe si kooni. Sukuma nusu mililita, subiri. Utaona taya linazunguka na koo linameza. Ndipo sukuma nyingine. Asipotafuna, usiongeze, chakula kilichokusanyika mdomoni kitaishia mapafuni. Akikohoa, au uji ukitokea puani, acha papo hapo, kiweke kichwa chake kikielekea chini kidogo, futa pua, na daktari ajulishwe.

Atakuchukia, hilo lijue. Sungura aliyekuwa akikufuata jikoni ataanza kujificha chini ya kitanda akisikia sirinji zikigongana. Huwa inapita. Mtu mmoja akilisha na mwingine akabaki kuwa wa kupapasa na kuleta majani, inapita mapema zaidi.

Ukimaliza, futa kidevu na shingo mpaka pakauke, kwani uji uliogandia huozesha ngozi. Osha sirinji. Mchanganyiko mpya kila mlo ni bora. Ukiuhifadhi kwenye friji usizidishe siku moja, na uupashe kabla ya kutumia.

Hatua ya nane: mrudishie sababu ya kula

Kila baada ya kumlisha, mwekee nyasi kavu mpya puani, si kwenye kona ya mbali. Badilisha aina ukiweza, kwa sababu harufu ngeni huamsha udadisi. Majani yenye harufu kali hufanya kazi nzuri: nanaa, kotmiri, mrehani. Yaponde kidogo kati ya vidole uyapake midomoni. Wengine hujiramba, wakaonja, wakashtuka kwamba wana njaa. Nyasi mbichi zilizong'olewa mahali pasipopuliziwa dawa huwavuta hata wagonjwa wabishi.

Utaambiwa bora ale chochote, hata mkate, hata biskuti. Sikubaliani nao. Wanga na sukari kwenye utumbo uliosimama ni kuni za gesi. Kapande ka tunda la ukubwa wa kucha, la kufunikia ladha ya dawa, sawa.

Mwache atembee. Mwendo wa miguu huusaidia mwendo wa utumbo, kwa hiyo kumfungia kwenye kizimba kidogo siku nzima si kumpumzisha. Zungushia eneo la wazi lenye zulia fupi lisiloteleza, mbali na mbwa, watoto wenye kelele na televisheni. Mwenzake abaki naye muda wote; kuwatenganisha ili uhesabu kinyesi cha mgonjwa peke yake kuna hasara kuliko faida. Kumkanda tumbo kunakubalika likiwa laini tu, kwa viganja vyepesi, na akionyesha kuchukizwa unaacha.

Hatua ya tisa: andika na upime

Chukua daftari. Saa, mililita ulizompa, alichokula mwenyewe, dawa, kinyesi, joto. Ukiwa na usingizi saa tisa usiku hutakumbuka kama dawa ya maumivu umeshampa, na kumpa mara mbili ni hatari. Kila asubuhi mweke kwenye mizani ya jikoni, ndani ya beseni ili asiruke, uandike gramu. Uzito unaoshuka siku mbili mfululizo unasema kiasi unachomlisha hakitoshi.

Kinyesi cha kwanza kitakuvunja moyo kwa sura yake: punje ndogo, kavu, zisizolingana, pengine zimefunikwa ute. Zipokee kwa furaha, utumbo umesogea. Zinazofuata huongezeka ukubwa kidogo kidogo. Mara nyingi hamu ya kula hurudi kabla kinyesi hakijanyooka, au kinyume chake, kwa hiyo usiache sirinji kwa sababu ametafuna jani moja. Endelea mpaka awe anakula nyasi mwenyewe na punje zikawa za kawaida kwa siku nzima, kisha punguza mlo mmoja mmoja. Kuna wakati pia tumbo huwa limeshiba uji mno hata hana haja ya kula. Ukiona yu mchangamfu, uzito wake haujashuka na kinyesi kinatoka, ruka mlo wa mchana umpe nafasi ya kusikia njaa.

Kagua makalio asubuhi na jioni. Manyoya yaliyolowa mkojo au kinyesi huwaita nzi, na mayai yao huanguliwa ndani ya siku moja. Safisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na ukaushe. Usimwogeshe mwili mzima, kwani mshtuko na baridi vitamrudisha kulekule.

Rudi kwa daktari bila kungoja miadi ikiwa saa 12 za matibabu zimepita hakuna hata punje moja, tumbo limeanza kukaza, joto linashuka, au anakataa kumeza.

Baada ya kupona, mtafute aliyesababisha

Ukimaliza hapo bila kujua chanzo, jiandae kurudia. Meno ndiyo mshukiwa wa kwanza. Sungura ana meno 28 na yote hukua maisha yake yote, yale ya mbele kwa takriban milimita mbili kwa wiki. Nyasi ndizo zinazoyasaga. Zikipungua, magego huota ncha kali zinazochana ulimi au shavu, na hilo hulioni kwa kufunua midomo. Mara nyingi lazima alazwe kwa nusukaputi ndipo mdomo mzima ukaguliwe. Baada ya meno, mwombe daktari afikirie mawe ya kibofu, maambukizi ya sikio, maumivu ya viungo kwa wazee, na kwa jike asiyefungwa kizazi, ugonjwa wa mji wa mimba.

Lishe yake ipime upya: nyasi kavu na mbichi ziwe zaidi ya asilimia 80 ya anachokula, pelleti zisizidi gramu 25 hivi kwa kilo ya uzito, majani mapya yaingizwe aina moja moja. Msimu wa kupukutisha manyoya mchane kila siku. Zulia lenye nyuzi ndefu na taulo zilizochakaa ziondoke kwenye eneo lake.

Na weka boksi moja tayari, lenye kipimajoto, mafuta ya mgando, sirinji za saizi mbili, taulo, na pakiti ya unga wa wagonjwa ambayo haijafunguliwa. Juu ya kifuniko bandika namba ya kliniki inayopokea sungura usiku, uzito wake wa mwisho na tarehe uliyompima. Tarehe ya mwisho ya unga huo iangalie kila unapobadilisha namba ya uzito.